Kasi Mbili, Uzi Mmoja: Vifaa vya Faiba Visivyosomana na Gharama Yake kwa Huduma za Kayanga

Agizo la mifumo ya Serikali kusomana limekuwa likirudiwa kwa miaka kadhaa sasa, katika vikao vya bajeti, katika hotuba za viongozi na katika miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA). Mjadala huo kwa kawaida huhusu programu: mfumo wa mapato wa TAUSI upeane taarifa na mfumo wa malipo, mfumo wa hospitali uelewane na ule wa bima. Ngazi iliyo chini yake huzungumzwa kwa nadra. Huko chini, kifaa kidogo kisichozidi ukubwa wa kidole, kinachochomekwa kwenye swichi ili kugeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme, kinaweza kuzuia kila kitu kilichojengwa juu yake.

Kifaa hicho huitwa transiva. Mafundi wengi wa TEHAMA humwita kwa umbo lake tu, “SFP”, na katika hati za ununuzi huandikwa “moduli ya faiba”. Swali linalowasumbua maafisa TEHAMA wa halmashauri nyingi, zikiwamo zilizo mbali na makao makuu ya mikoa kama Karagwe na Kyerwa, ni jepesi kulitamka: je, moduli ya gigabiti 10 kwa sekunde ikiwekwa upande mmoja wa uzi, na ya gigabiti 1 upande wa pili, mawasiliano yatapita? Jibu ni hapana. Sababu za jibu hilo, na namna linavyogusa fedha za umma, ndizo zinazostahili kuchambuliwa.

Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, ni mfano mzuri wa mji ambao mawasiliano si anasa. Kyerwa ilipotengwa na Karagwe mwaka 2012 na kuwa wilaya inayojitegemea yenye makao yake Rubwera, kazi za kiserikali za eneo hilo lililopakana na Uganda na Rwanda ziligawanyika katika vituo viwili vinavyohitaji kuunganishwa na Bukoba na Dodoma kila siku ya kazi. Mapato ya halmashauri hukusanywa kwa mashine na kuonekana kwenye mfumo papo hapo. Zabuni hutangazwa na kufunguliwa kupitia NeST. Katika misimu ya karibuni minada ya kahawa mkoani Kagera imekuwa ikifanyika kwa mifumo ya kielektroniki, hivyo bei atakayolipwa mkulima wa Nyaishozi au Murongo hutegemea pia kama mtandao ulikuwa hewani saa ya mnada. Hospitali ya Nyakahanga, jirani na mji huo, haina budi kusajili mgonjwa na kuhakiki bima yake kabla hajaonana na daktari. Kiungo kimoja kikifa, foleni hurudi kwenye daftari.

Uti wa mgongo wa yote hayo ni Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, mwaka uleule ambao mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam. Awamu za mwanzo, chini ya uendeshaji wa TTCL, zilifikia kilomita 7,560, na lengo lililowekwa baadaye lilikuwa kuufikisha mtandao huo kilomita 15,000. Kila kilomita inayoongezwa huja na swichi na moduli za kizazi cha wakati huo. Ndiyo maana mtandao wa umma leo una tabaka: vigeuzi vya megabiti 100 vilivyofungwa zamani, swichi za gigabiti 1 za kizazi kilichofuata, na vifaa vya gigabiti 10 vinavyonunuliwa sasa. Tatizo la kasi zisizolingana huzaliwa kwenye mishono ya tabaka hizo.

Wengi hukosea kwa sababu wamezoea nyaya za shaba. Kompyuta yenye poti ya gigabiti 1 ikiunganishwa kwa waya wa kawaida wa mtandao na swichi ya megabiti 100, vifaa hivyo viwili hupeana taarifa kwanza, kila kimoja kikitaja uwezo wake, kisha hushuka hadi kasi ambayo vyote viwili vinaiweza. Mtumiaji haoni lolote zaidi ya uzito kidogo wa mtandao. Tabia hiyo njema haikuhamia kwenye faiba. Katika viwango vya IEEE, kiungo cha mwanga cha gigabiti 1 kina makubaliano ya mwanzo, lakini makubaliano hayo hayahusu kasi. Na kiungo cha kawaida cha gigabiti 10 hakina makubaliano hayo kabisa. Kila upande huanza kuzungumza kwa kasi yake na kudhani kwamba mwenzake anaijua.

Tofauti yenyewe si ya wingi tu. Moduli ya gigabiti 1 huwasha na kuzima leza yake mara bilioni 1.25 kwa sekunde, kwa kuwa kila biti 8 za taarifa husimbwa kuwa 10 kabla ya kurushwa. Ile ya gigabiti 10 hufanya hivyo mara bilioni 10.3125, ikisimba biti 64 kuwa 66. Kipokezi cha upande wa pili hakina saa ya kuletewa. Hulazimika kuikisia saa hiyo kutokana na mapigo ya mwanga yenyewe. Kikitarajia mdundo mmoja na kupokea mwingine, huona mwanga lakini hakipati maana. Hapo ndipo fundi hubaki ameduwaa: kipimo cha nguvu ya mwanga kinaonyesha kwamba uzi ni mzima na leza inafanya kazi, ilhali taa ya kiungo kwenye swichi haiwaki. Si ajabu basi kwamba siku mbili hupotea katika kuutafuta mkato wa uzi ambao haukuwahi kukatika.

Hali hutatanishwa zaidi na umbo. Moduli ya gigabiti 1 na ile ya gigabiti 10, yaani SFP na SFP+, zina vipimo vilevile vya nje. Moja huingia katika nafasi ya nyingine bila kulazimishwa na hata kufuli hufunga vizuri. Kuingia, hata hivyo, si kufanya kazi. Moduli ya gigabiti 1 ikichomekwa kwenye poti ya gigabiti 10, swichi nyingi huikubali, ingawa baadhi hudai fundi aandike amri ya kuishusha poti hiyo hadi gigabiti 1. Kinyume chake hakiwezekani: moduli ya kawaida ya gigabiti 10 kwenye poti ya gigabiti 1 haitafanya kazi, kwa kuwa poti hiyo haina umeme wa ndani wenye uwezo wa kuiendesha. Uhusiano huo huendelea katika vizazi vya juu, SFP28 ya gigabiti 25 na QSFP28 ya gigabiti 100, ambako poti mpya mara nyingi hukubali moduli ya zamani na poti ya zamani huikataa mpya. Kuna pia moduli chache zilizotengenezwa kwa kasi mbili, gigabiti 1 na 10. Hizo huweza kuwa daraja la muda, mradi swichi yenyewe iziunge mkono na fundi aweke kasi kwa mkono pande zote mbili.

Watanzania wana mfano wa jambo hili katika reli. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000, TAZARA ina 1,067, na reli ya kisasa ya SGR ina 1,435. Zote ni reli, zote hubeba mizigo, lakini behewa la moja haliwezi kuendelea kwenye nyingine kwa nia njema. Kidatu, TAZARA inapokutana na tawi la Reli ya Kati, mzigo hushushwa na kupakiwa upya. Kwenye mtandao, Kidatu ni swichi. Swichi yenye poti za kasi mbili hupokea pakiti kwa gigabiti 10, huihifadhi kwa muda mfupi sana, kisha huituma kwa gigabiti 1 upande wa pili. Kwa maneno mengine, kasi mbili zinaweza kuishi ndani ya mtandao mmoja bila tatizo lolote; zisichoweza ni kuishi kwenye ncha mbili za uzi mmoja. Halmashauri yenye swichi kuu mpya ya gigabiti 10 haihitaji kutupa swichi za gigabiti 1 zilizopo idarani. Inahitaji kuhakikisha kwamba kila kiungo, peke yake, kina kasi moja.

Kasi, hata hivyo, ni sharti la kwanza tu. Sharti la pili ni rangi ya mwanga, ambayo wataalamu huipima kwa nanomita. Moduli za masafa mafupi hutumia nanomita 850, za kati 1310, na za mbali 1550. Moduli mbili za gigabiti 1, moja ya 850 na nyingine ya 1310, zina kasi moja lakini haziwezi kutegemewa kuelewana. Kwa zile zinazotuma na kupokea kwenye uzi mmoja badala ya jozi, kosa ni rahisi zaidi: upande mmoja hutuma kwa 1310 na kupokea kwa 1490, na wa pili hufanya kinyume. Ofisi inayonunua “moduli mbili za uzi mmoja” bila kueleza kwamba ni jozi huweza kuletewa mbili zinazofanana kabisa, zote zikituma kwa rangi moja na kusubiri nyingine isiyokuja kamwe.

Sharti la tatu ni uzi wenyewe. Kebo ya njano kwa kawaida ni ya modi moja, yenye kiini cha takriban mikromita 9. Ya rangi ya chungwa au bluu-kijani ni ya modi nyingi, yenye kiini cha mikromita 50 au 62.5. Hapa ndipo uboreshaji wa kasi unapoumbua majengo ya zamani. Kebo ya modi nyingi ya kizazi cha kwanza, yenye kiini cha 62.5, hubeba gigabiti 1 kwa nanomita 850 hadi mita 275 hivi. Kebo hiyohiyo, ikiwekewa moduli za gigabiti 10, hufika mita 33 tu. Majengo mawili ya ofisi yaliyotenganishwa na bustani na maegesho, yaliyokuwa yakiwasiliana vema kwa miaka 10, huweza kukatika siku ileile vifaa bora zaidi vinapofungwa. Suluhisho katika hali hiyo si moduli yenye nguvu zaidi. Ni kulaza kebo nyingine. Mpango wa bajeti unaohesabu moduli na kusahau kebo huwa umehesabu sehemu ndogo ya gharama.

Itakumbukwa pia kwa nini faiba inapendekezwa kati ya majengo, hata pale umbali ni mfupi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Waya wa shaba ulionyooshwa kutoka jengo moja hadi jingine hubeba msukumo wa radi moja kwa moja hadi kwenye swichi. Uzi wa kioo haupitishi umeme. Kwa Kagera hoja hiyo peke yake inatosha.

Umbali mrefu una hesabu zake. Barabara ya lami ya Kyaka hadi Bugene, lango la Karagwe kutoka upande wa Bukoba, ina kilomita 59.1. Kebo ikichukuliwa kuwa na urefu sawa na barabara hiyo (kwa kweli huwa ndefu zaidi, kwa sababu mafundi huacha mizunguko ya akiba kwenye mashimo), mwanga wa nanomita 1550 hupoteza takriban desibeli 0.25 kila kilomita, yaani karibu 15 njiani kabla ya kuhesabu maungio. Kiwango cha moduli ya gigabiti 10 ya kilomita 40 kinaruhusu upotevu wa desibeli 10.9. Haitoshi. Inatakiwa ile ya kilomita 80, ambayo ni ghali zaidi. Mtu aliyezoea moduli za gigabiti 1, ambazo huvumilia umbali kwa urahisi, anaweza asiamini kwamba kubadilisha kasi pekee kunabadilisha pia daraja la kifaa. Lakini ndivyo ilivyo, kwa kuwa mbali na kufifia mwanga pia hutawanyika: mapigo hunenepa kadiri yanavyosafiri na mwishowe hugusana. Kinadharia, kasi ikizidishwa mara 10, umbali ambao mtawanyiko huo unauruhusu hupungua karibu mara 100.

Kosa la upande wa pili halisemwi sana. Moduli ya masafa marefu ikifungwa kwenye uzi mfupi, tuseme kutoka jengo la halmashauri hadi ofisi iliyo ng’ambo ya barabara, mwanga wake huwa mkali kupita kiasi kwa kipokezi na unaweza kukiunguza. Moduli ya kilomita 40 iliyotajwa hapo juu huhitaji upotevu usiopungua desibeli 5. Dawa yake ni kipunguza mwanga, kipande kidogo cha bei nafuu kinachochomekwa njiani. Dhana kwamba kifaa cha “kilomita nyingi” ni bora kwa kila kazi imeharibu vifaa ambavyo havikuwa na hitilafu yoyote.

Kwa nini basi makosa haya hujirudia, ilhali maelezo yake yako katika karatasi ya kila moduli? Sehemu ya jibu iko kwenye ununuzi. Kanuni za ununuzi wa umma, kwa sababu njema za ushindani, hazipendi taasisi itaje jina la mtengenezaji; pale inapolazimika kulitaja, maneno “au kinacholingana nacho” hufuata. Katika samani au karatasi maneno hayo hayana madhara. Katika moduli za faiba, kulingana ni suala lenye vipimo vitano au sita, na mzabuni anayeleta SFP ya gigabiti 1 mahali ambapo hati ilisema tu “moduli ya SFP ya modi moja” hajavunja mkataba. Amesoma kilichoandikwa. Udhaifu ulikuwa kwenye maandishi, na sheria haiwezi kuurekebisha baada ya zabuni kufungwa.

Hati iliyokamilika husema kasi ya kila upande, urefu wa wimbi la kutuma na la kupokea, aina ya uzi na umbali halisi uliopimwa, aina ya kiungio, na jina la swichi ambayo moduli itachomekwa. Hilo la mwisho lina mgogoro wake. Ndani ya kila moduli kuna kumbukumbu ndogo inayojitambulisha kwa swichi: mtengenezaji, aina, kasi, rangi ya mwanga. Umbo na viunganishi vya SFP vilikubaliwa kwa pamoja na watengenezaji mapema katika miaka ya 2000 ili vifaa vya kampuni tofauti viingiliane, lakini baadhi ya swichi husoma jina hilo na kukataa moduli ya kampuni nyingine hata kama sifa zote za mwanga zinafaa. Mnunuzi hubaki kati ya moduli ya chapa ya swichi, yenye bei kubwa, na moduli ya kampuni nyingine iliyoandikwa kumbukumbu yake ili ikubalike. Njia ya pili si haramu na huokoa fedha nyingi, mradi mzabuni aahidi kwa maandishi kwamba moduli imejaribiwa kwenye aina hiyo ya swichi na kwamba atairudisha isipokubalika. Kuikataa kwa hofu ni gharama; kuikubali bila ahadi hiyo ni gharama pia.

Hapa kamati ya ukaguzi na mapokezi ya bidhaa ina nafasi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kuhesabu maboksi na kulinganisha namba hakutoshi. Moduli ichomekwe, kiungo kiwake, na swichi iulizwe inaona nini: moduli nyingi za sasa hutoa zenyewe taarifa za joto, nguvu ya mwanga unaotumwa na nguvu ya unaopokewa. Kazi hiyo huchukua dakika chache kwa kila moduli. Takwimu hizo zikiandikwa siku ya mapokezi, ndizo zitakazomwambia fundi miaka miwili baadaye kama uzi umeanza kuchoka au kama kichwa cha kebo kimeingia vumbi. Vumbi, katika wilaya yenye barabara nyingi za udongo, huenda ni adui mkubwa kuliko kasi. Chembe moja juu ya kiini cha mikromita 9 hutosha kuufanya mwanga usipite.

Si kila mahali kasi mbili hugombana. Katika huduma ya faiba hadi majumbani, mfumo wa kizazi cha kwanza hushusha taarifa kwa gigabiti 2.5 hivi kwenye nanomita 1490, na mfumo mpya wa gigabiti 10 hushusha kwenye 1577. Kwa kuwa rangi zimetenganishwa, mifumo yote miwili hupita kwenye uzi uleule kwa wakati mmoja, na mteja wa zamani haguswi mpya anapoungwa. Mikongo mikubwa nayo hutumia kanuni hiyohiyo kubeba makumi ya rangi kwenye uzi mmoja, kila moja na kasi yake. Wahandisi wa mifumo hiyo walijua tangu mwanzo kwamba vizazi vitapishana, wakavitengea nafasi. Mtandao wa ndani wa ofisi za wilaya haukujengwa na mpango wa namna hiyo. Ulikua kwa vipande, kila kipande na mwaka wake wa fedha.

Kwa ofisi za Kayanga na Rubwera, maana yake ni kwamba uhamiaji kwenda gigabiti 10 unapaswa kupangwa kwa viungo, si kwa vifaa. Kiungo kati ya swichi kuu na seva, na kile kinachotoka kwenda kwa mtoa huduma, ndivyo vyenye msongamano wa kweli na vinastahili kutangulia, ncha zote mbili kwa pamoja na kwa makubaliano ya maandishi na mtoa huduma kuhusu moduli atakayoweka upande wake. Viungo vya kwenda idarani vinaweza kubaki gigabiti 1 kwa miaka kadhaa bila mtumiaji kuona tofauti. Moduli za gigabiti 1 zitakazotolewa zihifadhiwe kwa jozi, kila jozi ikiwa na kibandiko cha kasi, rangi ya mwanga na umbali, kwa sababu kiungo cha idara kikifa siku ya kufunga hesabu za mwezi, jozi iliyo kwenye droo Kayanga ina faida kuliko mpya iliyo dukani Mwanza.